Kampuni ya kuandaa mbio, bosi anapima njia kwa gari lake

Wakuu, leo acheni niteme nyongo. Nimeibana miaka mitatu.

Nafanya kazi kwenye kampuni inayoandaa mbio za barabarani. Jina silitaji, bado nawadai mishahara ya miezi miwili.

Mbio zetu za mwisho zilikuwa nusu marathoni. Hiyo ni kilomita 21.0975, siyo "ishirini na moja hivi". Bosi kaipima njia usiku na gari lake, anasoma dashibodi huku anaongea na simu. Nikamwambia, bosi, njia hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio cha mizunguko ya gurudumu, na baiskeli yenyewe inasahihishwa kwanza kwenye kipande kilichopimwa kwa tepu ya chuma. Kwenye kona unapita sentimita 30 tu kutoka ukingoni, maana ndiko mkimbiaji atakakopita. Gari linazunguka kona kwa nje, linahesabu umbali ambao hakuna atakayeukimbia. Na bado unaongeza mita 1 kwa kila kilomita ili njia isije ikapungua.

Jibu lake: "Unataka kunifundisha kazi?"

Haya, siku ikafika. Watu wanamaliza, saa zao za mkononi zinazopima umbali zinasoma kilomita 20.6. Na saa hizo kawaida yake ni kuzidisha, siyo kupunguza! Kuna dada alilia kwa furaha pale kwenye mstari, kapunguza dakika 3 kwenye muda wake bora. Mimi ndiye niliyemvisha medali. Nilishindwa kumtazama usoni.

Medali zenyewe zilikuwa za mwaka jana, tarehe imefunikwa kwa stika. Meza ya maji ya kilomita 15 ina maji, vikombe hakuna. Vijana wa kujitolea wamesimama tangu saa 9 usiku, hata asante hawakupewa. Ila jukwaa? Muziki? Ukuta wa kupigia picha na wadhamini? Huko hela haikukosekana hata siku moja. Ukiulizia mshahara ndipo unaambiwa "tuvumiliane, sisi ni familia". Familia gani baba anabadilisha gari watoto hawajalipwa?

Fundi wetu wa matokeo, yule wa kusoma chipu za muda, ndiye pekee aliyethubutu kusema kwenye kikao kwamba njia ilipungua. Wiki iliyofuata meza yake ilikuwa tupu.

Sasa zigo limeniangukia mimi. Nimeagizwa niwaandikie wakimbiaji wote kwamba saa zao zina hitilafu. Wote kwa pamoja, wakuu! Ujumbe unatakiwa kesho asubuhi na sijaandika hata mstari.

Aliyewahi kudai mshahara wake akiwa hana mkataba wa maandishi, wewe ulianzia wapi?