Mrejesho: kutanguliza hela kwenye kadi ya mkopo

Asanteni sana jamani. Niliuliza kama nikitanguliza hela naweza kununua friza ya 190,000 kwa kadi yenye kikomo cha 150,000. Deni lilikuwa sifuri, nikatia 50,000 kwa simu kama mlivyoshauri. Dukani Nyali mashine ikakataa: hela hazijaingia bado. Zilipoingia, salio likasoma 200,000. Nikarudi, ikakataa tena, na foleni nyuma yangu inaguna! Kumbe benki imezuia kwa usalama, kiasi si cha kawaida yangu. Nikawapigia, wakanihoji, wakafungua, ikapita palepale. Aliyesema niwaarifu benki kwanza, shikamoo yako. Friza iko kazini. Deni lililobaki, 140,000, nalimaliza kabla riba haijaanza.