MJADALA: Matokeo ya sensa kwenye ramani ya miraba, tunapanga maendeleo au tunawaanika watu?

Mleta mada: Wakuu, naomba hili tulijadili kwa utulivu. Ofisi za takwimu siku hizi haziishii kutoa sensa kwa mikoa na wilaya. Zinaigawa nchi nzima kwenye miraba inayolingana, kila mraba na idadi yake. Umoja wa Ulaya uliweka kanuni mwaka 2018 kwamba kwa sensa ya 2021 kila nchi mwanachama itoe hesabu 13 kwa kila mraba wenye upande wa kilomita 1: jumla ya watu, jinsia, makundi matatu ya umri, wenye ajira, walikozaliwa, na walikokuwa wakiishi mwaka mmoja kabla.

Faida yake naiamini kabisa. Mipaka ya wilaya hubadilishwa, mraba unabaki palepale, kwa hiyo sensa hii unailinganisha na iliyopita bila kubahatisha. Na mafuriko hayajui mipaka ya utawala. Ukilaza ramani ya bonde juu ya miraba, unajua watu wangapi wa kuhamishwa.

Sasa chukueni mraba mmoja wa mashambani wenye watu wazima wanne, nyumba moja. Safu ya waliozaliwa nje ya nchi inasema 1. Safu ya wenye ajira inasema 0. Jina halijaandikwa popote, lakini jirani anajua ni nani, na ile sifuri imemtangazia kila mtu kwamba nyumba nzima hakuna mwenye kazi.

Msimamo wangu: miraba itolewe, ila namba zitikiswe kidogo, yaani ziongezwe au zipunguzwe kwa bahati nasibu, kabla ya kutolewa, na watumiaji waambiwe wazi. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza: Napinga. Namba iliyotikiswa ni namba isiyo ya kweli, na mtu atapangia huduma juu yake. Marekani walifanya hivyo kwenye sensa ya 2020, wakaacha jumla za majimbo kama zilivyo na kuvuruga za chini. Matokeo yake kuna maeneo madogo yaliyoonekana yana watoto watupu bila mtu mzima hata mmoja. Jimbo la Alabama lilikwenda mahakamani 2021 kupinga. Kwa nini wasifiche tu miraba yenye watu chini ya 10?

Mleta mada: Mkuu, kuficha kunafichuliwa kwa kutoa na kujumlisha. Mraba mkubwa una watu 204. Ndani yake mna miraba midogo minne: 90, 71, 40, na wa nne umefichwa. Wa nne una watu 3, mtoto wa shule anaupata. Ili kuuziba inabidi ufiche na mwingine ambao haukuwa na shida yoyote, na mwingine tena kwenye jedwali la pili. Wanaofutika zaidi kwenye ramani ni walewale wa pembezoni, ambao huduma huwafikia mwisho.

Tena kutikisa si lazima kuwe kwa ovyo. Watakwimu wa Australia walibuni njia ya kumpa kila mtu namba ya bahati nasibu. Namba za watu wa kisanduku kimoja cha jedwali zikijumlishwa, ndizo zinazoamua kisanduku hicho kiongezwe au kipunguzwe kiasi gani. Watu walewale wakitokea kwenye jedwali lingine, mabadiliko ni yaleyale, kwa hiyo huwezi kuomba jedwali mara mia ukatafuta wastani ili uipate namba halisi. Hasara yake naikubali: sehemu hazijumliki sawasawa na jumla.

Mchangiaji wa pili: Ninyi wote mnamlinda mtu mmoja mmoja. Kundi zima nani analilinda? Mwaka 1941, Uholanzi ikiwa chini ya Wajerumani, ofisi ya takwimu ya jiji la Amsterdam ilichora ramani ya wakazi Wayahudi. Nukta moja ilisimama kwa watu 10. Hakukuwa na jina wala namba ya nyumba. Ongeza au punguza wawili kwenye kila nukta, ramani ile ingefanya kazi ileile. Mwaka 1942 Marekani, hesabu za sensa za mtaa kwa mtaa zilitumika kuwakusanya watu wenye asili ya Japani, zaidi ya 110,000, na kuwaweka kambini. Hesabu hizo hazikuwa na majina, watu wakachukuliwa.

Mleta mada: Hapo umenishika, na nabadili sehemu ya msimamo wangu. Kutikisa hakusaidii kitu pale ambapo hatari iko kwenye wingi wenyewe. Basi nasema hivi: watu, jinsia na umri vibaki kwenye mraba wa kilomita 1. Mahali pa kuzaliwa, na chochote kinachogusa asili au dini, kitolewe kwa miraba mikubwa zaidi tu au kisitoke kabisa.

Mchangiaji wa kwanza: Hilo naweza kulikubali. Ila rudi kwenye mafuriko yako. Mraba wenye mtu 1 ukitikiswa ukawa 0, waokoaji hawataenda.

Mleta mada: Kweli kabisa. Kwa jumla ya watu, mraba wenye mtu usiruhusiwe kushuka hadi sifuri; idadi kamili ifichwe, lakini ramani iseme hapa anaishi mtu. Wataalamu wa ramani mliomo humu, hilo linatekelezeka bila kumwonyesha mwizi nyumba iliyo peke yake?