Nimeshauriwa kung'olewa mshipa wa mguu: naomba ushauri kabla ya kutia saini

Mwalimu wa Mkomani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lamu, nina umri wa miaka 44, na Mwenyezi Mungu amenijaalia watoto wanne. Tangu mimba ya tatu, mguu wangu wa kushoto umekuwa na mishipa iliyovimba na kujipindapinda, inayoanzia paja la ndani, ikapita nyuma ya goti na kushuka hadi karibu na kifundo. Kwa miaka mingi niliichukulia kuwa jambo la kuonea haya tu, na buibui likanisitiri. Mwaka huu hali imekuwa nyingine: ikifika saa tisa alasiri, baada ya kusimama ubaoni tangu asubuhi, mguu huwa mzito kama uliofungwa jiwe, na juu ya kifundo, upande wa ndani, ngozi imegeuka kahawia, inawasha, na nikiigusa ni ngumu.

Mwezi uliopita mshipa mmoja ulipasuka nikiwa naoga. Sikusikia maumivu yoyote. Niliona tu maji yanayoelekea kwenye mfereji yamekuwa mekundu. Mama mkwe alinilaza pale pale sakafuni, akauweka mguu wangu juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakandamiza kwa leso iliyokunjwa mpaka damu ikakatika.

Daktari niliyemwona baadaye aliutazama mguu nikiwa nimesimama, akaupapasa, akasema nifanyiwe upasuaji wa kuufunga mshipa kinenani na kuung'oa. Sikupimwa kwa mashine yoyote. Shangazi yangu ameshikilia kwamba mguu ulioondolewa mshipa hukauka, nami nimeingiwa na hofu. Je, damu itapita wapi? Kuna njia nyingine? Nitarudi kusimama darasani baada ya muda gani? Na udhu nitautiaje mguu ukiwa na bandeji?

Muuguzi Mstaafu, Malindi

Wa alaykum salaam, mwanangu. Kwanza mpe mama mkwe shukrani zangu, kwa sababu alichofanya ndicho tunachofundisha: mgonjwa alale, mguu uinuliwe juu, na penye damu pakandamizwe moja kwa moja. Hatari kubwa ni kumwacha amesimama au kumkalisha kitini, maana damu huzidi kusukumwa kuja chini.

Sasa nijibu hofu ya shangazi. Mguu una vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, za aina mbili. Za ndani, zilizo katikati ya misuli, ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya damu inayorudi moyoni. Za juu, zilizo chini ya ngozi, hubeba kidogo. Ndani ya vena hizo mna vali ndogo, mfano wa vilango, zinazofunguka damu inapopanda na kujifunga isije ikashuka. Vali zikilegea, kwa kurithi, kwa mimba nyingi, kwa umri au kwa unene, na kusimama kutwa kukazidisha mzigo, damu hurudi chini, nayo vena hutanuka kama kamba. Vena hiyo iliyoharibika haikusaidii tena kitu. Ikiondolewa, damu hushika njia ya ndani, na mguu haukauki.

Lakini maneno hayo ni kweli kwa sharti moja, nami nakuomba usitie saini kabla ya sharti hilo kutimizwa: vena za ndani ziwe wazi. Ikiwa zamani damu iliwahi kuganda huko ndani na kuziba njia, basi huenda hizo za juu ndizo zinazouokoa mguu wako, na kuzing'oa kutakudhuru. Macho na vidole havitoshi kulijua hilo. Kinachohitajika ni ultrasaundi ya Dopla, ambayo huonyesha damu inapita kuelekea wapi na ni vali zipi zimelegea. Haina sindano wala maumivu, na ni vizuri vena zipimwe ukiwa umesimama.

Ngozi iliyogeuka rangi na kuwa ngumu usiipuuze pia. Ndipo kidonda huanzia, nacho nimekiosha kwa wagonjwa wangu miezi na miezi bila kufunga.

Fundi Majahazi, Shela

Bi Mwalimu, mimi niling'olewa mguu wa kulia. Nilichomwa ganzi ya uti wa mgongo, nikapasuliwa kidogo kinenani na karibu na goti, waya ukapitishwa ndani ya mshipa, nao ukavutwa ukatoka nao. Vile vipinda vidogo vilitolewa kwa matundu madogo madogo. Jioni ile ile nilisimamishwa nikatembea. Paja lilikuwa jeusi na la zambarau kwa wiki mbili hivi, na penye muundi bado pana mahali pana ganzi, kwa sababu kuna mshipa wa fahamu uliopita karibu. Nilirejea kazini wiki ya tatu. Uzito wa jioni umeniondoka.

Binti Ngomeni

Kwa nini usijaribu soksi za kubana pekee na kuinua miguu usiku? Kisu kinaweza kungoja.

Muuguzi Mstaafu, Malindi

Binti yangu, soksi hupunguza uvimbe na maumivu, lakini vali iliyolegea haziirudishi, na kwa mtu aliyekwisha kutokwa na damu na ngozi ikabadilika, kungoja si ushauri mwema. Hata hizo soksi zisivaliwe kabla mapigo ya damu kwenye unyayo hayajapimwa, maana mguu ambao ateri zake, yaani mishipa inayoleta damu kutoka moyoni, zimebana huweza kuumizwa na soksi hizo. Huvaliwa alfajiri, kabla unyayo haujagusa sakafu.

Bi Mwalimu, njia nyingine zipo. Ya kung'oa imetumika kwa zaidi ya miaka 100 na bado ni njia halali. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2013 hutanguliza kuichoma vena kwa ndani kwa leza au mawimbi ya redio, kwa ganzi ya mahali tu. Kama haifai, hufuata sindano ya povu la dawa ya kuiziba vena, na upasuaji huja baadaye. Muulize daktari ni ipi inapatikana Mombasa na ni ipi inayofaa vena yako. Mwambie pia kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, kwa kuwa baadhi yake huongeza uwezekano wa damu kuganda.

Usipande basi la kurudi Mokowe, gati la bara la kuvukia Lamu, siku chache baada ya upasuaji. Kutoka Mombasa kupitia Malindi na Garsen ni kukaa kitako saa nyingi, na damu iliyotulia huganda. Kaa kwa jamaa, utembee kila saa, mpaka daktari akuruhusu. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikibana, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Kwa kazi ya kusimama, omba ruhusa ya wiki tatu.

Udhu wa mwenye bandeji una hukumu yake inayojulikana. Muulize sheikh wako mapema, ili usije ukaifungua kwa wasiwasi.

Mwalimu wa Mkomani

Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Nimempigia daktari, naye amekubali kuniandikia Dopla kabla ya jambo lolote. Jumatatu nitavuka Mokowe kwa mashua ya kwanza, na nitafikia kwa dada yangu Mombasa. Shangazi amesema atafuatana nami, apate kusikia mwenyewe habari za mishipa ya ndani.