Foleni ya draiva yangu ya mtandao pepe inalala na haiamki. Naomba ushauri

Kondele_Ringi
Wadau, hamjambo. Hii ni wiki ya tatu napambana na jambo moja na hapa Kisumu sijapata wa kumuuliza, kwa hiyo nalileta kwenu lilivyo.

Naandika draiva ya Linux ya kadi ya mtandao pepe. Mashine pepe mbili zinakaa kwenye kompyuta moja, na badala ya waya zina kipande cha kumbukumbu zinachotumia pamoja. Ndani yake kuna ringi, yaani foleni ya mzunguko, ya nafasi 256. Upande wangu unajaza, upande wa pili unasoma kisha unanipigia intarapti, yaani ishara ya kuikatiza prosesa. Hapo NAPI yangu (sehemu ya draiva inayoitwa baada ya intarapti kushughulikia pakiti kwa mafungu) inaachilia nafasi zilizosomwa. Ringi ikijaa naita `netif_stop_queue` kusimamisha foleni ya kutuma. NAPI ikishaachilia nafasi huuliza kama foleni imesimama, na ikiwa imesimama huita `netif_wake_queue` kuiamsha.

Nikiipa mashine prosesa moja, iperf3 (programu ya kupima kasi ya mtandao) inakimbia usiku kucha. Juzi iliishia tu kwa sababu stima ilipotea. Nikiipa prosesa nne inakufa, mara baada ya dakika 3, mara 20. Ping haijibu, dmesg (kumbukumbu za matukio za Linux) inalalamika kwamba foleni namba 0 imepitisha muda, na kinachoninyima usingizi ni hiki: nikiikagua ringi, nafasi zote 256 ziko wazi. Foleni imesimama mbele ya ringi tupu! Nikikishusha kiolesura cha mtandao kwa `ip link` na kukipandisha, kinafufuka.

Nimejaribu njia mbili. Ya kwanza, nisisimamishe foleni kabisa, ringi ikijaa nirudishe `NETDEV_TX_BUSY`, jibu la kusema nina shughuli: haifi, lakini prosesa moja inapanda hadi asilimia 100. Ya pili, nimefungia kila kitu ndani ya kufuli la `spin_lock_irqsave`, kutuma na kuachilia: haifi, lakini kasi imeshuka karibu nusu. Je, kufuli ndilo jibu na nikubali hasara hiyo, ama kuna kitu sikioni?

Kakamega_254
Pole sana ndugu. Mimi ningeweka taima, kila milisekunde 10 iangalie: foleni imesimama na ringi ina nafasi? Basi iamshe. Niliwahi kufanya hivyo kwenye draiva nyingine na imetulia.

BintiMumias
Kaka Kakamega, kwa heshima, tusimpeleke huko. Taima itaufunika ugonjwa, na kila foleni ikilala atapoteza hadi milisekunde 10 za kutuma bila kujua zimekwenda wapi.

Kondele, umeeleza vizuri kiasi kwamba kosa limo ndani ya maneno yako mwenyewe. Kwetu Mumias, mwezi wa Ramadhani, vijana hupita usiku wakigonga debe kuwaamsha watu wale daku. Sasa kijana amefika mlangoni pako, ameona taa inawaka, amejua uko macho, akapita. Kumbe ulikuwa umeshaamua kujilaza kidogo, na taa unaizima yeye akiwa nyumba ya tatu. Hatarudi, mtaa ameshaumaliza. Utaamka jua limechomoza.

Ndivyo inavyokwenda. Prosesa ya kwanza iko ndani ya kutuma, imeona ringi imejaa, haijaita bado `netif_stop_queue`. Papo hapo NAPI kwenye prosesa ya pili inaachilia nafasi zote 256, inauliza "foleni imesimama?", inaambiwa hapana, inaondoka. Ndipo ya kwanza inasimamisha. Ringi ni tupu, hakuna pakiti iliyobaki ya kusomwa, basi hakuna intarapti itakayokuja. Nani ataiamsha?

Kwa prosesa moja hulioni kwa sababu keneli, kiini cha Linux, huita kazi yako ya kutuma intarapti laini (kazi zinazoahirishwa kidogo baada ya intarapti yenyewe) zikiwa zimezimwa, na NAPI ni intarapti laini. Haiwezi kujipenyeza katikati. Zikiwa nne, inakimbia pembeni yako.

Dawa ni kutazama tena baada ya kuzima taa. Hapa `KIWANGO` ni nafasi chache kabisa unazotaka zibaki, na `smp_mb()` ni kizuizi kinachoizuia prosesa isipangue mfuatano wa kuandika na kusoma kumbukumbu:

```
if (nafasi(r) < KIWANGO) {
        netif_stop_queue(dev);
        smp_mb();
        if (nafasi(r) >= KIWANGO)
                netif_start_queue(dev);
}
```

Na upande wa NAPI: andika kwanza kwamba nafasi zimeachiliwa, kisha `smp_mb()`, ndipo uulize kama foleni imesimama. Usikiache kizuizi hicho ukisema x86 (prosesa za Intel na AMD) ni mpole. Hata x86 inaruhusu usomaji upite mbele ya uandishi uliotangulia, ikiwa ni wa anwani nyingine. Kila upande uandike lake kabla ya kusoma la mwenzake, hapo angalau mmoja wao atamwona mwenzake.

Mwalimu_Ahero
Binti amesema kweli. Draiva ya tg3, ya kadi za mtandao za Broadcom, ina maelezo kuhusu jambo hilihili ndani ya msimbo wake, kwamba bila kizuizi kile foleni inaweza kusimama milele. Kama keneli yako ni 6.4 ya mwaka 2023 au mpya zaidi, fungua `include/net/netdev_queues.h`. Kuna makro `netif_txq_maybe_stop` inayofanya mpangilio huo wa upande wa kutuma, usijiandikie upya.

Sasa kufuli lako. Kijana wangu, kabla ya kukuita, keneli imeshashika kufuli la foleni hiyo, isipokuwa kama draiva yako imetangaza kwamba haitaki. Kwa hiyo watumaji wawili hawawezi kukutana kwenye foleni moja. Wanaobaki ni wawili tu, mtumaji na mwachiliaji, na kila mmoja ana kaunta yake anayoiandika peke yake. Ringi ya namna hiyo haihitaji kufuli jingine. Umekuwa ukizifanya prosesa zingojane kwa kila pakiti ili kuziba ufa unaotokea mara moja kwa dakika kadhaa.

Kuhusu `NETDEV_TX_BUSY`, nyaraka za keneli zinalihesabu jibu hilo kuwa kosa zito, isipokuwa kwa kifaa kisichoweza kujua mapema kwamba kitajaa. Wewe unajua. Ukilirudisha, keneli inairudisha pakiti kwenye foleni na kukujia tena, na tena, na ndiyo asilimia 100 yako. Simamisha *baada* ya kuweka pakiti, ukiona zilizobaki hazitoshi pakiti kubwa kuliko zote. virtio_net, draiva ya mtandao pepe iliyomo ndani ya Linux, husimama nafasi zikipungua chini ya 2 + `MAX_SKB_FRAGS`, yaani 19 kwa kawaida, kwa kuwa pakiti moja inaweza kuja kwa vipande 17. Wewe ukingoja ijae kabisa, siku utakayowasha kutuma kwa vipande utaumia.

Siaya_Keneli
Swali la pembeni: kwa nini asitumie tu veth, ile jozi ya kadi pepe za Linux zilizounganishwa? Haina shida hizi zote.

Mwalimu_Ahero
Haina kwa sababu hutupa. veth ya kawaida haina foleni yake, inamkabidhi mwenzake pakiti moja kwa moja, na mwenzake akilemewa zinamwagwa. Halafu pande zake zote mbili ziko ndani ya keneli moja. Hapa ni keneli mbili.

BintiMumias
Kondele, ombi moja kabla hujarekebisha. Weka `udelay(50)`, yaani subira ya mikrosekunde 50, kati ya kukagua ringi na kusimamisha foleni, bila dawa. Kama nimesema kweli, itakufa upesi badala ya dakika 20. Kisha weka dawa, `udelay` ibaki palepale, uone. Usitibu ugonjwa usioweza kuuzusha kwa makusudi.

Kondele_Ringi
Dada, asante. Bila dawa na `udelay`: imekufa kwa sekunde 4, mara tano mfululizo. Kwa dawa: imekimbia kuanzia Ijumaa jioni hadi leo asubuhi, prosesa nne, kufuli langu nimelitoa na kasi imerudi. Nimekaa nikiangalia namba zikipita, nikapiga simu nyumbani bila sababu yoyote.

Lakini limezuka jingine. Nikibadili ukubwa wa ringi kwa `ethtool -G` iperf3 ikiwa inakimbia, mara moja kwa kumi keneli inaanguka ndani ya kazi ya kutuma, ikigusa ringi niliyoshaiachilia. Kabla ya kuachilia ringi ya zamani naanza na `netif_stop_queue`. Inakuwaje bado kuna anayetuma?

Mwalimu_Ahero
`netif_stop_queue` inaweka alama tu, haimsubiri aliyekwisha kuingia. Tumia `netif_tx_disable`. Hiyo hushika kufuli la kila foleni kabla ya kuisimamisha, kwa hiyo ikirudi hakuna aliye ndani. Na kabla yake zima NAPI kwa `napi_disable`, la sivyo mwachiliaji atakuamshia foleni uliyoifunga sasa hivi. Kumbukumbu ya ringi iachilie mwisho kabisa.

Kakamega_254
Nimerudi kuifungua draiva yangu ya taima. Ina ufa uleule. Asanteni, leo naishughulikia.

BintiMumias
Kondele, kosa hilohilo lina ndugu upande wa pili wa kumbukumbu yako. Msomaji akizima kupigiwa intarapti wakati ana kazi, kisha akaiwasha anapomaliza, lazima atazame ringi mara moja zaidi baada ya kuwasha. virtio iko hivyo: `virtqueue_enable_cb` hurudisha `false` kukuambia kuna vitu vimeingia ukiwa unawasha. Yako ikoje?

Kondele_Ringi
Yangu inawasha na kuondoka, haitazami tena. Nafungua faili sasa hivi. `udelay` ile nitaihamishia huko kwanza.