Mrejesho: Yule mzee wa idara ya hesabu

Niliuliza nifanyeje na mhasibu wetu mwenye umri mkubwa, ambaye ripoti zake zilianza kuchelewa na kuwa na makosa, huku bosi akitaka tumdokezee habari za kustaafu. Asanteni kwa ushauri.

Habari za kustaafu tuliziacha kabisa. Umri wake haukutajwa popote, si kikaoni wala kwenye barua. Aliyenisaidia zaidi ni yule aliyesema nipime idara nzima kwa kipimo kimoja. Nikatoa kumbukumbu za wote tangu programu mpya ianze kutumika: vijana wawili walikuwa na makosa yaleyale, ila hakuna aliyewahi kuwasema. Bosi alipoona hilo akawa mpole.

Nilikaa na mzee faragha, nikamwonyesha ripoti zenyewe, nikamwachia aeleze. Kumbe mafunzo ya programu yalifanyika akiwa likizo, na hakuna aliyemfundisha aliporudi. Tumeandikiana makubaliano: kiwango kinachotakiwa, mafunzo, tarehe za kukagua, na sahihi zetu wote wawili. Maandishi kwenye skrini yake nayo yamekuzwa, kazi ya dakika moja tu.

Kwa aliyeuliza sheria: Mkataba Na. 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unataka mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea kabla ya kuachishwa kazi kwa sababu ya utendaji. Si kila nchi imeuridhia, kwa hiyo soma na sheria ya kwenu.

Makosa yamepungua sana. Kuchelewa bado kupo, hasa mwisho wa mwezi, na hilo tutalizungumza kwenye ukaguzi ujao.