"Inahitaji ruti." Ripoti imefungwa. Maneno MAWILI!

Wakuu, nachemka. Yule jamaa (mnamjua, simtaji) kafunga ripoti ya hitilafu ya noqueue (kipanga pakiti cha kerneli ya Linux kisicho na foleni) kwa maneno mawili: "Inahitaji ruti." Yaani eti lazima uwe ruti, msimamizi mkuu wa mashine, ndipo uichochee. Konokono angesoma mistari mingi zaidi.

Ruti ipi? Piga unshare -Urn ukiwa mtumiaji wa kawaida. Unapewa neimspesi yako ya mtandao (mtandao wako uliotengwa), na ndani yake una CAP_NET_ADMIN, ruhusa ya kusimamia mtandao. Washa lo (kiolesura cha mashine kujiongelesha yenyewe), kwa amri ya tc weka htb (kipanga foleni kinachogawa kasi kwa klasi) kwenye mzizi na default 1, ongeza klasi 1:1 ya 10mbit, kisha pachika noqueue chini ya klasi hiyo. Ping 127.0.0.1 mara moja tu. Mashine chali.

Noqueue haina foleni, hivyo pointa yake ya enqueue (kazi ya kuingiza pakiti kwenye foleni) ni NULL, yaani anwani 0, kwa makusudi. Kwenye mzizi kerneli huikagua kwanza. Chini ya klasi htb inaiita bila hodi, prosesa inarukia anwani 0. Ndiyo CVE-2022-47929 hiyo (namba ya udhaifu huu), ilizibwa kwenye kerneli 6.1.6: qdisc_graft, kazi ya kerneli inayopachika vipanga foleni, inakataa noqueue kwenye klasi. Na bado mtu anakujibu "inahitaji ruti". Ruti!

PakitiPotevu: Povu lote hili kwa DoS, kuangusha mashine tu? mmap_min_addr (anwani ya chini kabisa ambayo programu inaweza kujitwalia) kwa kawaida ni 65536, hakuna wa kuweka msimbo wake kwenye anwani 0. Inaanguka tu.

Mleta uzi: "Inaanguka tu"! Na kontena zote za mashine hiyo zinaanguka nayo, mkuu. Wewe na yule ni ndugu?

MzeeWaFoleni: user.max_user_namespaces=0, zima neimspesi za watumiaji. Kwisha habari. Kunywa maji ulale.

KontenaHuru: Kwisha kwako, mzee. Kontena zisizo na ruti zinakufa zote. Nyie wa "zima tu" ndio mnaostahili uzi.

SomaOops: Bora hata huyo. Kuna wanaoleta picha ya skrini ya oops (ripoti ya kerneli kuanguka) wameikata palepale penye RIP: 0010:0x0, mstari unaosema prosesa ilikuwa anwani gani. Ushahidi wote ndio huo mstari!

BwanaMbit: Mimi nimeona hiyo 10mbit nikakumbuka wanaojaza mbps. Kwenye tc, mbps ni megabaiti kwa sekunde, mara 8 ya ulichotaka. Halafu wanakuja kulia kuwa htb haizuii kitu.

PakitiPotevu: Ngoja. Yangu imeandikwa 20mbps.

BwanaMbit: 😂😂 160mbit hiyo. Ndiyo maana pakiti zako hazipotei.