Ushauri: Mji wetu wa ukubwa wa kati huko Tennessee, Marekani, unataka kujenga uwanja wa watu 40,000. Tupige kura ya ndiyo au hapana?

KandoYaMto (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa wenye kuzijua hizi hesabu.

Mji wetu uko Tennessee, wakazi hawafiki laki mbili. Ukijumlisha kaunti nzima wanakaribia laki tano. Baraza la jiji limeleta pendekezo la uwanja wa mpira wa Kimarekani wa viti 40,000, gharama dola milioni 450. Kati ya hizo, milioni 300 zitakopwa na jiji kwa hatifungani (hati za mkopo) za miaka 30, na zinazobaki zitatoka kwa chuo kikuu na wawekezaji. Mkopo utalipwa kwa kuongeza nusu senti kwa kila dola kwenye kodi ya mauzo ya hapa, na ndiyo maana kuna kura ya maoni. Wanasema nusu senti hiyo itaingiza milioni 24 kwa mwaka. Mpangaji wa uhakika ni chuo tu, mechi 6 za nyumbani kwa msimu. Timu ya kulipwa "iko kwenye mazungumzo".

Waswahili hapa si haba, hasa ndugu zetu kutoka Kongo, na waliokwisha kupata uraia watapiga kura. Wapo wanaosema utaleta ajira, wapo wanaosema ni mzigo. Tuangalie nini hasa? Nawasilisha.

Hesabu_za_Kaunti

Mkuu, anza na jambo ambalo watu hulipita bila kuliona. Kwa sheria ya Tennessee, nusu ya mapato ya kodi ya mauzo ya eneo huenda kwenye elimu. Uliza hiyo milioni 24 ni kabla ya mgao wa shule au baada yake. Kama ni kabla, jiji linabakiwa na milioni 12.

Sasa liweke deni kando yake. Milioni 300 kwa miaka 30, riba tuseme asilimia 4.5, marejesho sawa kila mwaka: ni kama milioni 18.4 kwa mwaka, na mpaka deni liishe mtakuwa mmelipa karibu milioni 552. Riba ikifika asilimia 5, marejesho ya mwaka yanapanda hadi milioni 19.5. Kwa hiyo, ikiwa milioni 24 ni kabla ya mgao, kuna pengo la milioni 6.4 kila mwaka hata kwa ile riba ya chini. Pengo hilo litazibwa na mfuko mkuu wa jiji, ule ule unaolipa polisi, zimamoto na viraka vya barabara.

Kisha uliza hatifungani ni za aina gani. Ziko zinazolipwa na chanzo kimoja tu cha mapato, na chanzo kikikauka hasara ni ya waliokopesha. Na ziko zinazobebwa na uwezo wote wa jiji kutoza kodi, ikiwemo kodi ya nyumba na viwanja vyenu. Nashville walipopitisha uwanja mpya wa Titans, timu yao ya NFL (ligi kuu ya mpira wa Kimarekani), Aprili 2023, hatifungani za milioni 760 zilifungwa kwenye vyanzo maalumu: kodi mpya ya asilimia 1 kwa vyumba vya hoteli, kodi ya mauzo ya ndani ya uwanja, nusu ya kodi ya mauzo ya eneo la ekari 130 linalouzunguka, na ada ya dola 3 kwa kila tiketi. Jimbo likatoa milioni 500 juu yake. Mpango ule una wapinzani wake, na wana hoja, lakini haukupandisha kodi ya mama anayenunua unga. Wa kwenu unapandisha, kwa sababu Tennessee hata chakula cha dukani hutozwa kodi ya eneo. Familia inayotumia dola 900 kwa mwezi kwa chakula itaongeza dola 54 kwa mwaka, na hapo sijagusa nguo, sabuni wala matairi.

Mzawa wa Ujiji

Mechi 6. Milioni 18.4 ukigawa kwa 6 ni zaidi ya milioni 3 za deni kwa kila mechi, kabla hujalipa umeme wala mlinzi. Mimi hiyo namba peke yake inanitosha kusema hapana.

Kocha_Mstaafu

Mzawa, usiharakishe. Birmingham, Alabama, ni jiji la watu kama laki mbili, na wamejenga. Protective Stadium ilifunguliwa Oktoba 2021, viti zaidi ya 47,000. Legion Field, uwanja wao wa tangu 1927, ulishachoka kiasi kwamba ghorofa ya juu ya viti ilibidi iondolewe. Wangeendelea kuutia viraka mpaka lini? Jiji likaahidi milioni 3 kwa mwaka kwa miaka 30, kaunti milioni 1 kwa mwaka kwa miaka 30, na chuo cha UAB pamoja na kampuni washirika milioni 4 kwa mwaka kwa miaka 10. Mwaka 2022 ukabeba ufunguzi na ufungaji wa michezo ya kimataifa ya World Games. Mji usiojenga chochote nao unalipa gharama yake, ila haiandikwi kwenye bajeti.

Hesabu_za_Kaunti

Kocha, mfano wako ni mzuri, na ndiyo maana inafaa tuuchambue. Kwanza, jiji lina laki mbili, lakini ukihesabu miji inayolizunguka eneo lote lina watu milioni moja na zaidi, mara mbili ya kaunti ya mleta mada. Pili, uwanja ulijengwa kwenye eneo la ukumbi wa mikutano wa BJCC, ambako hoteli na maegesho tayari yapo. Tatu, ahadi ya jiji ni kiasi kisichobadilika: milioni 3, basi. Kwa mleta mada jiji ndilo mkopaji, na kila kitakachopungua ni juu yake. Tofauti hiyo ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote.

Pwani_Texas

Kwenye pendekezo hili sentensi inayonitisha ni "timu iko kwenye mazungumzo". Kusini mwa Marekani kuna historia ndefu ya kujenga kwanza na kutafuta mpangaji baadaye.

St. Petersburg, Florida, walifungua kuba lao 1990 bila timu ya besiboli. Timu ya Rays ilianza kucheza humo 1998. Miaka minane katikati, timu za miji mingine zilikuwa zikilitumia kuba hilo kuwatisha wenyeji wao: tusipopewa tunachotaka, tunahamia Florida. Oktoba 2024 kimbunga Milton kikachana paa.

San Antonio, ambalo ni jiji kubwa kabisa, walifungua Alamodome 1993 wenye viti 65,000 kwa milioni 186, zilizolipwa kwa nusu senti ya kodi ya mauzo. Mpaka leo haujapata timu ya kudumu ya NFL. Spurs wa mpira wa kikapu waliutumia kisha wakahamia ukumbi mwingine 2002.

Memphis, jirani zenu, walifungua Pyramid 1991, viti elfu ishirini na kitu. Grizzlies wa mpira wa kikapu walikuja 2001, na 2004 wakahamia FedExForum. Piramidi ikakaa miaka bila kazi ya maana. Tangu 2015 ni duka la Bass Pro Shops la vifaa vya uvuvi na uwindaji.

Na msidanganyike na ligi ndogo za mpira wa Kimarekani za majira ya kuchipua. Ligi ya AAF ilianza Februari 2019 ikiwa na timu Birmingham, Memphis na San Antonio. Aprili mwaka huo huo ikasimama kabla msimu haujaisha. Mkataba wa ligi ya namna hiyo hauna uzito wa kubebeshwa deni la miaka 30.

KandoYaMto (mleta mada)

Ahsanteni sana wakuu, hizi ni nondo. Nina maswali mawili. Wanasema uwanja utaleta ajira elfu kadhaa na mzunguko wa fedha mjini. Je, kuna ukweli? Pili, rasimu ya mkataba wa upangaji ina kurasa nyingi mno. Nianze kusoma wapi?

Mama Neema

Kuhusu ajira: tenganisha za ujenzi na za kudumu. Za ujenzi ni za kweli, lakini huisha baada ya miaka miwili au mitatu, na mafundi wengi huja na mkandarasi kutoka nje. Za kudumu ni chache: meneja, mafundi wa umeme na mitambo, watunza nyasi. Wauza vyakula, wakagua tiketi na walinzi hulipwa kwa siku ya mechi. Mtu anayeitwa mara 6 kwa mwaka si mtu aliyeajiriwa, ingawa kwenye ripoti ya washauri anaweza kuhesabiwa.

Kuhusu mzunguko: baba aliyetumia dola 200 uwanjani Jumamosi mara nyingi ni yule yule ambaye angezitumia kwenye mgahawa, sinema au bustani ya watoto mjini hapo hapo. Fedha imehama mtaa, haijaongezeka. Faida ni ya mgeni ambaye asingekuja mjini kama si mechi, kwa hiyo kwenye ripoti tafuta wamehesabu wageni wangapi wa aina hiyo na wamewapataje. Wachumi hubishana mambo mengi, lakini hapa wamekaribiana mno. Chuo Kikuu cha Chicago kilipowauliza wachumi wakubwa mwaka 2017, asilimia 83 walikubali kwamba ruzuku za viwanja huenda zikawagharimu walipa kodi zaidi ya faida watakayopata.

Niongeze jambo kwa wasomaji wa nyumbani. Uwanja wa Mkapa pale Dar, wa watu 60,000, uliofunguliwa 2007, ni wa taifa. Serikali kuu ndiyo iliyousimamia, kwa msaada wa China. Marekani ni mji wenyewe unaokopa, na mji ukielemewa, serikali ya shirikisho haiji kulipa.

FundiZege

Nakujibu la mkataba. Usianze ukurasa wa kwanza. Tafuta kipengele cha matengenezo, halafu cha gharama za ujenzi kuzidi makadirio, halafu cha mapato.

Kwenye matengenezo angalia maneno yanayoulazimisha mji kuutunza uwanja katika "hali ya daraja la kwanza" au "kulingana na viwanja vingine vya kisasa". Maneno hayo hayana mwisho, kwa sababu kila uwanja mpya unaofunguliwa kwingine unapandisha kiwango chako. Nashville walibanwa na mkataba wao wa zamani wa aina hiyo: washauri walikadiria kuukarabati uwanja uliofunguliwa 1999 kungegharimu kati ya dola bilioni 1.75 na 1.95, na hesabu hiyo ndiyo iliyotumika kuhalalisha uwanja mpya. Katika mkataba mpya matengenezo ni juu ya timu. Ninyi dai orodha ya vifaa, na kila kimoja kiandikwe nani analipa.

Orodha yenyewe ni hii. Nyasi bandia huchakaa kwa miaka 8 hadi 10, na joto la Kusini haliziongezei umri. Skrini kubwa na vipaza sauti, miaka 10 hadi 12; kabla ya hapo vipuri vinaadimika na programu zinapitwa. Viti vya plastiki vinavyopigwa na jua, miaka 15 hadi 20. Kuna lifti, pampu, viyoyozi vya vyumba vya wageni maalumu. Lakini kinachoua viwanja kimyakimya ni maji. Majukwaa ya zege yana viungio vya kuruhusu zege kutanuka na kusinyaa, na mpira au gundi inayovijaza hukauka ndani ya miaka 5 hadi 10. Usipoibadilisha, mvua inapenya, nondo zinashika kutu, kutu inavimba na kupasua zege. Kazi ya laki chache inageuka kazi ya mamilioni, na huwezi kuiona ukiwa umekaa kwenye kiti.

Tenga asilimia 1 hadi 2 ya gharama ya uwanja kila mwaka kwenye akaunti isiyoguswa. Kwa milioni 450, asilimia 1.5 ni milioni 6.75 kwa mwaka. Kama rasimu haina akiba hiyo, hesabu za mji hazijakamilika.

Gharama zikizidi: Jacksonville walipopitisha ukarabati wa dola bilioni 1.4 mwaka 2024, jiji lilibeba milioni 775, na ziada ya ujenzi ikawa juu ya timu. Dai sentensi kama hiyo, na iandikwe kabla ya kuvunja ardhi.

Maegesho nayo yanasahaulika. Watu 40,000, wakipandana karibu watatu kwa gari, ni magari zaidi ya 14,000. Ekari moja ya lami inachukua kama magari 130. Hizo ni ekari 110. Zipo mjini kwenu? Nani atazinunua?

Hesabu_za_Kaunti

Niongezee kwenye mapato. Sheria ya shirikisho ya 1986 inaondoa msamaha wa kodi kwenye riba ya hatifungani iwapo zaidi ya asilimia 10 ya matumizi ni ya mtu binafsi na zaidi ya asilimia 10 ya deni inalipwa kwa fedha zake. Matokeo yake, mji unaotaka riba nafuu inayoletwa na msamaha huo unajikuta hauwezi kuitoza timu binafsi pango la maana, na walipa kodi wanabeba deni karibu lote. Ile timu ya "mazungumzo" ikija, mtakutana na ukuta huu.

Kocha_Mstaafu

Nimezisoma hesabu, na kwa viti 40,000 siwezi tena kuutetea mradi huu. Lakini msiue wazo zima. Timu ya besiboli ya daraja la Double-A hucheza mechi 69 za nyumbani kwa msimu. Knoxville walifungua Covenant Health Park Aprili 2025 kwa takriban milioni 114, na soka nayo inachezwa humo humo. Kumbukeni tu kwamba makadirio yao ya mwanzo yalikuwa chini ya hapo kwa mbali. Mimi ningemwambia diwani: viti 6,000 hadi 10,000, mpangaji aliyetia saini kwanza, bila kugusa kodi ya chakula.

KandoYaMto (mleta mada)

Nimeelewa. Swali la mwisho: makadirio ya washauri na rasimu ya hatifungani havipo kwenye tovuti ya jiji. Tunavipataje?

Mama Neema

Andikeni ombi chini ya sheria ya kumbukumbu za umma ya Tennessee. Aombe mkazi mwenye kitambulisho cha jimbo, maana wanaweza kukidai. Mtaje nyaraka moja moja: ripoti ya makadirio ya mapato pamoja na majedwali yake, jedwali la marejesho ya deni mwaka kwa mwaka, rasimu ya mkataba wa upangaji, na barua zozote kutoka timu ya kulipwa. Ofisi inatakiwa, ndani ya siku 7 za kazi, iwape nyaraka, ikatae kwa maandishi na kutaja sababu, au iseme itahitaji muda gani. Msisubiri taarifa ya deni inayopelekwa kwa mkaguzi wa jimbo: hiyo hupelekwa ndani ya siku 45 baada ya mkopo kuchukuliwa, na wakati huo kura itakuwa imeshapigwa. Pelekeni ombi wiki hii.